Kutangulia Katika Jambo la Kheri

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja Mwislamu alifariki dunia katika kijiji kimoja cha upande wa magharibi ya Dodoma. Alikuwa mtu wa kwanza kuingia katika Uislamu pale kijijini, na kwa juhudi na upole wake familia nyingine saba zilimfuata. Alifariki usiku, katika siku zile za Februari ambapo makorongo ya Ugogo, yaliyokuwa mchanga mtupu tangu Mei, hujaa maji kwa muda wa saa moja na kukata njia. Waumini wale wakamwosha mzee wao, wakamvika sanda, wakachimba kaburi. Kisha wakaketi kuningoja mimi.

Habari ilinifikia asubuhi. Basi nililopanda lilizuiwa na maji ya korongo, nasi tukakaa pale mpaka jua likatua. Nilifika kijijini siku ya pili, karibu na adhuhuri. Maiti ilikuwa bado imelazwa ndani ya tembe, na joto la mwezi ule mnalijua wenyewe. Majirani, ambao wengi wao ni Wakristo, walikuwa wameleta uji na kuni kwa ukarimu ule wa Wagogo. Mmoja wao, mzee mwenye heshima zake, alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, katika dini yenu maiti haizikwi mpaka aje mgeni?"

Nilimjibu kwamba sivyo. Uislamu unahimiza maiti izikwe mapema, na sala ya jeneza haina sharti la kuongozwa na shehe au mwalimu aliyetoka mbali. Mwislamu yeyote mwanamume aijuaye anaweza kusimama mbele na wenzake wakajipanga nyuma yake. Mzee yule alitikisa kichwa tu, kwani alichokiona kwa macho yake kilikuwa kinyume cha maneno yangu.

Tulipokwisha kuzika niliwakusanya vijana. Watatu miongoni mwao walikuwa wakiijua sala ile vizuri. Niliwafundisha mimi mwenyewe. Nikawauliza kwa nini hawakusali. Mmoja akajibu kwa unyenyekevu: "Hakuna aliyetuambia, Mwalimu." Nilifungua kinywa nimkemee, kisha nikanyamaza. Kwa muda wa miaka minne, kila nilipofika katika kijiji kile, nilikwenda mbele mimi. Sikupata hata mara moja kumshika mmoja wao mkono na kumwambia, leo utasalisha wewe. Niliwafundisha sala, na pamoja na sala niliwafundisha kungoja. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa lao.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu wengi wanaosoma ukurasa huu wako katika hali kama ile. Wewe huenda ni Mwislamu peke yako katika mtaa wenu, au mko watatu, au hujaingia bado bali unachunguza. Kila siku unaona jambo linalotakiwa kufanywa, nawe unasema moyoni: mimi ni nani? Sina cheo, sikusoma chuoni, nimeingia juzi tu. Atakuja mwenyewe.

Wanazuoni wa Kiislamu wamezigawa fardhi mafungu mawili. Iko fardhi iliyo juu ya kila mtu kwa nafsi yake, kama sala tano, ambayo hakuna awezaye kumtimizia mwenzake. Na iko fardhi iitwayo kifaya, iliyo juu ya jamii nzima: wakiifanya baadhi yao wengine wamesamehewa, na asipoifanya hata mmoja dhambi inawapata wote waliojua na kuweza. Sala ya jeneza imo katika fungu hili la pili. Tazama basi jinsi sheria hii ilivyowekwa. Haikumtaja mtu kwa jina lake wala haikungojea mwenye cheo. Fardhi imeachwa wazi katikati ya watu ili aitwae yule atakayesimama kwanza, na atakaposimama anakuwa amewaokoa wenzake wote. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa namna dini yetu inavyomtazama kiongozi. Yeye ni mtu aliyeona mzigo ulioachwa chini, akauinua.

Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba hata watu watatu wakiwa safarini wamteue mmoja wao awe amiri wao. Watatu tu, tena njiani! Basi hakuna jamii iliyo ndogo mno hata ikawa haihitaji mtu wa kutangulia.

Sasa hebu twende Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, sawa na mwaka 628. Mtume (s.a.w.) alitoka Madina pamoja na masahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya Umra. Makureshi wakawazuia, na baada ya mazungumzo ukaandikwa mkataba ambao masharti yake yalionekana mazito mno kwa Waislamu: warudi mwaka ule bila kuiona Al-Kaaba, na mengine ambayo yaliwachoma zaidi. Mkataba ulipokwisha andikwa Mtume (s.a.w.) aliwaamuru masahaba wachinje wanyama wao na kunyoa nywele. Hakuna aliyeinuka. Akaamuru mara ya pili na ya tatu, na bado hakuna aliyeinuka. Hawakuwa waasi watu wale, Mwenyezi Mungu awe radhi nao. Huzuni ilikuwa imewalemea hata viungo vyao vikawa kama vimekufa.

Mtume (s.a.w.) akaingia katika hema la mkewe, Hadhrat Umm Salama (r.a.), akamweleza yaliyotokea. Bibi huyu hakulia pamoja naye wala hakuwalaumu watu. Alimshauri atoke nje, asiseme neno na mtu yeyote, amchinje ngamia wake mwenyewe, kisha amwite kinyozi amnyoe. Mtume (s.a.w.) akafanya vile vile. Masahaba walipomwona wakaruka wote, wakachinja, wakaanza kunyoana kwa haraka hata ikawa karibu waumizane.

Watu wengi husimulia kisa hiki kuonyesha heshima ya mwanamke katika Uislamu, na ni sawa. Lakini ndani yake mna jambo jingine pia. Amri iliyotolewa mara tatu haikuwainua watu waliovunjika moyo, bali tendo moja lililofanywa kimya liliwainua. Mara nyingi watu hawakosi elimu ya jambo linalotakiwa. Wanachokosa ni kuona mguu wa kwanza ukinyanyuka. Na aliyelitambua hilo siku ile hakuwa jemadari wala mshauri mwenye cheo. Alikuwa mwanamke ndani ya hema, ambaye hakungoja kuulizwa mara ya pili.

Huenda mtu akauliza: je, kutangulia namna hii si kuvunja utii, nasi tumefundishwa kutii? Swali hili ni la haki. Mtume (s.a.w.) alipompeleka Hadhrat Muadh bin Jabal (r.a.) Yemen, alimwuliza atahukumu kwa nini. Muadh akajibu kwamba atahukumu kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Asipopata humo, kwa mwenendo wa Mtume. Na asipopata hapo, atajitahidi kwa akili yake mwenyewe. Mtume (s.a.w.) akafurahi, akamshukuru Mungu. Basi palipo na amri, utii ndio uongozi. Pasipo na amri, kukaa kimya na kusema sikuambiwa si utii. Ni uvivu uliovaa kanzu.

Kurani Tukufu inatusimulia habari za Nabii Yusuf (a.s.) alipokuwa gerezani Misri. Mfalme aliota ndoto, wakuu wake wakashindwa kuifasiri, ndipo akatumwa mtu kwenda kumwuliza Yusuf. Aliulizwa maana ya ndoto tu. Lakini yeye alitoa maana na dawa pamoja: limeni miaka saba mfululizo, na mtakachovuna kiacheni katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kwani itafuata miaka saba ya shida. Mfungwa asiye na haki hata ya kutoka nje ya mlango, tayari alikuwa anailisha nchi nzima ambayo ilimfunga bila kosa. Na baadaye mfalme alipompa heshima, aliomba asimamie hazina za nchi.

Hapa huwa naulizwa: je, Mtume (s.a.w.) hakukataza watu kujitafutia ukubwa? Ndiyo, alikataza. Lakini tazama alichokiomba Yusuf na wakati alioomba. Mfalme alikuwa amekwisha kumwamini, njaa inakuja, naye anajua hesabu ya nafaka. Aliomba kazi ambayo ikiharibika, lawama yote ingekuwa juu yake. Mwenye kutafuta ukubwa huangalia kiti. Yusuf aliangalia ghala.

Watu wa nyanda za kati hawahitaji mhubiri wa kuwafafanulia kisa hiki. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hivi mpaka Aprili, na ikikatika Januari mtama na uwele hunyauka mtu akitazama. Baina ya mwaka 1917 na 1920 ilitokea huko njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, na wanaume wenye nguvu wakapelekwa kuwa wapagazi wa vita. Kisha mvua zikakosekana. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa katika nchi ya Ugogo peke yake. Wakubwa wa siku zile waliyafungua maghala ya watu ili kutoa, na hakuna aliyefikiri kutia. Kwa Mgogo ambaye babu yake aliponea chupuchupu katika Mtunya, Yusuf (a.s.) si hadithi ya Misri.

Lakini ndugu msomaji, usidhani kwamba nasifu kila aanzaye jambo. Mashariki ya mji wa Dodoma iko Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache, na sehemu kubwa ya safari yao ilikuwa kwa ndege, kutafuta ardhi ya kulima karanga, kwani Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita. Walirudi na mpango wa kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa kwa matrekta na mitambo, mengine yakiwa mabaki ya vita. Katika mwaka wa kwanza walikusudia kufyeka ekari 150,000, na hawakuikaribia hesabu hiyo hata kidogo. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya chuma. Udongo ule ulipokauka baada ya mvua ukawa mgumu kama tofali, karanga zikakwama ndani yake. Mvua nazo zilikuja zilivyotaka zenyewe. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea.

Watu wale hawakukosa bidii, wala ujasiri, wala fedha. Tena nia yao haikuwa mbaya: walitaka kulisha watu wao. Walikosa kumwuliza Mgogo aliyekuwa amesimama kando ya shamba na fimbo yake mabegani. Yeye alijua kwa nini wazee wake walilima vishamba vidogo vidogo, wakapanda mtama na uwele, na kutumainia ng'ombe kuliko jembe. Elimu hiyo ilikuwa imelipiwa kwa njaa nyingi, naye angewapa bure.

Ilinganishe na siku ya Badr. Mtume (s.a.w.) alipopiga kambi mahali fulani, sahaba mmoja aliyeitwa Hubab bin al-Mundhir (r.a.) alikuja akauliza kama mahali pale pamechaguliwa kwa ufunuo wa Mungu au ni maoni ya vita. Alipoambiwa kwamba ni maoni, akashauri wasogee mbele mpaka kwenye kisima kilicho karibu zaidi na adui ili maji yawe mikononi mwao. Mtume (s.a.w.) akakubali, jeshi likahama. Hubab aliuliza kwanza, kisha akasema. Na aliyeambiwa, ingawa ni Mtume wa Mungu, hakuona haya kuhama. Kongwa palikuwa na akina Hubab wengi, lakini hawakuulizwa.

Tena iko tofauti baina ya kutangulia na kusukuma. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, Mwalimu Julius Nyerere alikaa Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji, Rais wa nchi na matope mikononi. Miaka michache baadaye, katika sehemu nyingi za Tanzania, watu walihamishiwa vijijini kwa nguvu, wengine wakipakiwa katika malori. Kusudi lililotajwa lilikuwa lile lile moja. Lakini waulize wazee kama wanayakumbuka matofali na malori kwa namna moja.

Sasa nataka nieleze jambo la siku zetu, ambalo wasomaji wa Dodoma wanaweza kulitazama mashambani. Tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation, pamoja na Justdiggit la Uholanzi, limekuwa likiwafundisha wakulima wa Dodoma njia iitwayo Kisiki Hai. Katika shamba lililoonekana tupu bado mna visiki vya miti iliyokatwa zamani, na mizizi yake ingali hai chini. Kila mwaka huchipua, na kila mwaka mbuzi huvila vichipukizi, au mwenye shamba huvifyeka akidhani ni magugu. Mkulima huchagua kisiki, huacha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, hupogoa mengine, huweka alama ya kitambaa ili watu wajue, kisha hukitunza. Hahitaji mche, wala kumwagilia, wala mkopo. Anahitaji kisu na macho. Na kwa kuwa mizizi yake ni ya zamani na imeshuka chini sana, mti hukua kwa haraka kuliko mche uliopandwa jana.

Njia hii ilienezwa kwanza nchini Niger tangu mwaka 1983 na Tony Rinaudo, mmisionari Mkristo kutoka Australia. Alikuwa amepanda miche kwa miaka na kuiona ikifa, mpaka siku moja alisimama njiani, akakitazama vizuri kichaka alichokuwa akikipita kila siku, akagundua kwamba ni mti unaojaribu kuota upya. Leo inakadiriwa kuwa zaidi ya hekta milioni 5 nchini humo zimepata miti tena. Sioni haya kumtaja katika ukurasa wa Kiislamu, kwani tumefundishwa kwamba hekima ni mali ya Mwumini iliyompotea, aichukue popote anapoikuta.

Mkulima wa kwanza kijijini anayeanza Kisiki Hai ana taabu yake. Kwa mwaka mzima yeye ndiye mtu aliyeacha vichaka shambani na kuvifunga vitambaa, na watoto humcheka. Mbuzi wa jirani hawajui maana ya kitambaa. Hana budi kwenda kuzungumza na wachungaji mmoja mmoja, na kusikiliza kina mama watapata wapi kuni. Hana cheo cha kuwaamuru. Ana kisu chake, na shamba lake ambalo watu hulipita kila siku na kuliangalia. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Mwumini ambaye Kiyama kimemfikia na mche umo mkononi mwake, kwamba kama anaweza kuupanda basi aupande. Ikiwa ni hivyo saa ile ambayo hakuna atakayekula tunda, itakuwaje leo, ambapo kisiki kimekwisha chipua chenyewe?

Baada ya mazishi yale ya aibu nilibadili desturi yangu. Nikifika katika kijiji chochote nakaa safu ya pili, na mmoja wao anasalisha. Mwanzoni ilikuwa shida: walisukumana, waliona haya, mmoja aliwahi kusahau sura katikati akageuka kuniangalia. Nami, nakiri, ilinichoma kidogo kukaa nyuma. Mwalimu huzoea kutazamwa.

Mwaka uliofuata, katika kijiji kile kile, alifariki mtoto mchanga. Safari hii barua haikuniita, ilinijulisha tu. Nilifika jioni ya siku ya tatu nikakuta kaburi dogo limekwisha kufukiwa na kuzungushiwa miiba ili fisi asilifukue. Yule kijana aliyeniambia hakuna aliyetuambia ndiye aliyesalisha. Alikuwa na wasiwasi, akataka nimhakikishie kama aliifanya sawa, akanisimulia yote tangu mwanzo. Alikuwa amepiga takbira tatu badala ya nne, akatoa salamu. Nikamweleza: takbira ya kwanza na Alhamdu, ya pili na kumsalia Mtume, ya tatu na dua ya maiti, ya nne ndipo salamu, bila rukuu wala kusujudu. Akaitoa kalamu na daftari mfukoni, akaandika.